Nyota Mbele ya Jina la Wario

Ifrah, mwanangu, salaam aleikum.

Umetoka hapa saa saba na baba yako kwenda Rapsu kumuaga nyanya yako, na hamtarudi kabla ya magharibi. Nyumba ni yangu mpaka wakati huo. Begi lako liko mlangoni, limefungwa na kufunguliwa mara tatu. Mambo ya blanketi, ya nauli na ya nani atakupokea kule, baba yako ameyasema mpaka umemwomba anyamaze, kwa hiyo mimi sitayarudia. Nina jambo jingine. Naliandika kwa sababu kila nikifungua mdomo kulisema, najikuta nakuuliza kama umekula.

Nianze na lile ambalo ungetaka kulijua kwanza. Ngamia wa yule bibi mjane, Akko Darmi, hawakushikwa kwa sababu yako. Walishikwa kwa sababu yangu. Wewe unaondoka kesho ukiamini kwamba uliharibu, na umejaza fomu ya kuacha masomo ya kompyuta siku ile ile utakayoripoti chuoni, uingie biashara. Fomu hiyo umeijaza kwa kosa ambalo si lako. Mimi nilijua. Nilijua kabla halijatokea, nilijua siku lilipotokea, na nimejua siku zote hizi tukila sahani moja. Na sikusahau chochote, Ifrah. Nilikuonea wivu.

Nitaeleza polepole, maana nikienda haraka nitaanza kujitetea.

Nilipoajiriwa pale ofisi ya chama cha wafugaji, karibu na soko la mifugo, nilikuwa karani wa taipureta. Kompyuta ililetwa na wageni fulani, ikawekwa juu ya meza, ikafunikwa kitambaa kama mkate. Mwanamume mmoja wa ofisini alipelekwa Nairobi kufundishwa kuitumia. Alirudi na cheti, akakitundika ukutani, na kile kitambaa hakukitoa hata siku moja. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na hasira. Pamoja na kompyuta ile kulikuwa na diski kadhaa na kitabu kinene kilichong'oka jalada, kinachoeleza programu ya kuandikia hifadhidata. Nilikibeba nyumbani chini ya buibui nikakisoma na kamusi, ukurasa mmoja siku mbili. Nilikuwa naogopa wangekidai, lakini hakuna aliyejua kwamba kimetoka.

Unaijua programu hiyo. Ni ile uliyoicheka ulipoiona, skrini ya bluu, herufi nyeupe, hakuna kipanya. Hujui ilinigharimu nini. Niliandika orodha ya kwanza ya wafugaji na wanyama wao, na nikajiona nimefika. Kulikuwa na jina, kulikuwa na mahali, na kulikuwa na safu niliyoipenda kuliko zote, ya idadi ya mifugo. Wa kwanza kukaa mbele yangu alikuwa Mzee Boru, yule aliyekuwa mkubwa wa wazee wa soko, Mungu amrehemu. Nikamuuliza, mzee, una ng'ombe wangapi.

Alinitazama mpaka nikatamani kile kitambaa nijifunike mimi. "Wewe binti ya askari," akasema, maana babu yangu alikuja mji huu na bunduki ya Mzungu na hawajatusamehe mpaka leo, "nani alikutuma kuhesabu ng'ombe yangu? Unataka wakufe?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakatoka mmoja mmoja. Nilikuwa nimeishi na Waborana maisha yangu yote na nilijua mfugaji haulizwi idadi. Lakini kitabu kilisema hifadhidata nzuri huanza na hesabu, na mimi nikaamini kitabu kuliko majirani zangu. Niliketi siku mbili bila mteja. Siku ya tatu Mzee Boru akarudi, akachora chini vumbini kwa fimbo, mstari na nusu duara. "Uliza hii," akasema. "Chapa hakuna mtu anaficha. Iko kwa ngozi, kila mtu anaona."

Basi nikaifuta safu ya idadi, nikaanza upya na chapa za ngamia na mikato ya masikio. Kompyuta ile haikuweza kuhifadhi picha, kwa hiyo nilibuni maneno mafupi ya maumbo: fimbo, kwato, mwezi, mkia wa nge, na upande wa shingo au paja. Mtu akija na mnyama aliyepotea, natafuta umbo, inatoka familia. Ilinichukua miaka mitatu. Baada ya hapo wazee walianza kuniita Mama Kompyuta, na sikuwa nimezaa bado. Nilikuwa naenda dukani kununua sukari, naitwa hivyo, narudi nyumbani nimesahau sukari.

Ninataka ujue nilivyoipenda kazi ile, kwa sababu bila hilo hutaelewa ubaya niliofanya. Mashine zilibadilika. Ile ya kwanza ilikufa, ikaja moja kubwa iliyokuwa na ubongo mmoja na skrini tatu, na mfumo mgeni kabisa ndani yake. Watu ofisini walinong'ona kwamba sasa Mama Kompyuta kwisha. Nikachukua maandishi yangu yale yale, nikayapitisha kwenye toleo jingine la ile programu, yakatoka upande wa pili yanazungumza na mashine mpya kama aliyezaliwa nayo. Zikaja zile za madirisha, ikawa hivyo hivyo. Virusi vikala madirisha, fundi akatuwekea mfumo wa bure, ikawa hivyo hivyo tena. Mara tatu walitaka kunizika na mara tatu niliamka na faili zangu. Sikukaa kujiuliza ni nini kilichonifanya niwe peke yangu kila mara.

Nilikuwa peke yangu kwa sababu nilitaka. Wasichana wawili waliletwa kujifunza kwangu kwa nyakati tofauti. Niliwapa kuingiza majina, basi. Maandishi ya programu niliyafungia kabatini, na ndani yake nilitumia vifupi ambavyo hata malaika hangesoma. Baba yako alikuwa akisema kwa wenzake wa lori, "Wengine wanaoa bibi ya pili. Mimi bibi yangu ndio ameolewa na kompyuta." Wanacheka, na mimi nacheka. Lakini alikuwa amesema kweli, na mume yule wa pili nilimlinda vibaya, hata kumtazama sikutaka mtu amtazame.

Halafu ukaja wewe na laptopu uliyopewa kwa kufaulu mtihani. Ulikuwa unangoja kuitwa chuo, huna la kufanya, ukaomba uje ofisini kwangu. Nilifurahi siku ya kwanza, kweli. Nilikuonyesha namna ya kutafuta mkia wa nge kwenye paja la kushoto, na ukaangalia skrini yangu kama mtu anayeangalia taa ya chemni.

"Hooyo, hii kitu ni ya kitambo sana," ukasema. "Nipe wiki tatu. Nitawatengenezea ya simu, na picha."

Nikasema jaribu. Moyoni nilisema, hataweza. Mimi ilinichukua miaka mitatu na kamusi.

Uliweza kwa wiki mbili na nusu. Nakumbuka siku uliyowaonyesha, ukiwa umeingiza majina machache tu ya majaribio. Mwenyekiti alikuwa na simu yake, ukamwambia apige picha ya shingo ya ngamia aliyekuwa amefungwa nje, na jina la mwenyewe likatokea hata kabla hajarudi kivulini. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Huyu mtoto ametutoa gizani." Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ile ofisi, ofisi niliyokaa tangu nywele zangu zote zikiwa nyeusi, nikasikia kwamba nilikokuwa ni gizani. Kisha mzee mmoja akanigeukia kwa heshima zote, akanipongeza, akaniita Mama Ifrah.

Mama mwingine angelia kwa furaha kuitwa kwa jina la mtoto wake mbele ya watu. Mimi nilihisi mtu amenivua nguo. Nilikuchukia, Ifrah. Naliandika neno hilo kwa sababu nimejaribu mengine matatu na yote yalikuwa ya uongo. Ilikuwa dakika moja tu, labda mbili, nikitazama mgongo wako, mgongo huo huo niliokuwa nikiupaka mafuta. Nilikuchukia kwa sababu kwako ilikuwa rahisi.

Wivu wa mama kwa binti hausemwi kwetu. Tunausema wa wake wenza, wa majirani, wa mawifi. Huu nilidhani haupo, kwa hiyo ulipokuja sikuujua sura, niliuita majina mengine. Nilijiambia kwamba nina wasiwasi na kazi, na kwamba vijana wana haraka. Ukiona siku moja umeanza kumtakia mtu ajikwae "ili ajifunze", jua kwamba si kujifunza unakomtakia.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Ile programu yangu ina tabia moja. Ukiiambia ifute rekodi, haifuti. Inaweka nyota ndogo mbele ya jina na kulificha, na wewe kwenye skrini unaona limeondoka. Lakini limo ndani ya faili, mahali pake pale pale, mpaka utoe amri nyingine ya kubana faili. Hapo ndipo linatoweka kabisa. Mimi amri hiyo ya pili sikuwahi kuitoa hata mara moja, na nilikuwa na sababu.

Halkano, mume wa Akko Darmi, alipokufa, ndugu yake Wario alikuwa ameandikishwa kwangu na chapa ile ile, fimbo na mwezi, shingo ya kulia. Wario alitaka chapa na ngamia vyote. Wazee walikaa siku mbili, wakaamua chapa ibaki kwa Darmi kwa ajili ya watoto wake. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na daftari. Walipomaliza, nikauliza nimfute Wario. Mzee Boru akakataa. "Usichome jina ya mtu," akaniambia. "Chapa ni ya ukoo. Leo Darmi analea watoto na hiyo. Kesho pengine mtoto ya Wario atarudi kuomba. Weka yeye kando tu."

Nilicheka moyoni, kwa sababu ile programu ya Wazungu ilikuwa na desturi ya Waborana. Nikamwekea Wario nyota. Na tangu siku hiyo kila aliyeshindwa kesi, aliyehama, aliyekabidhi chapa kwa mwanawe, nilimwekea nyota na kumwacha ndani. Faili langu lilikuwa na watu wawili, watatu, kwenye chapa moja, na ni mmoja tu anayeonekana. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na Mzee Boru, na Mzee Boru hayupo.

Ulipotaka sasa kuhamisha majina yote kwenda kwenye mfumo wako, ulikuja jikoni. Nilikuwa napika mikate ya anjera. Ulikuwa na daftari lako la bluu na kalamu, ukaegemea mlango.

"Hooyo, kabla nihamishe, kuna kitu nafaa kujua kuhusu hizi faili?"

Nilikuwa na kijiko cha unga mkononi. Niliiona nyota ya Wario wazi kama ninavyoiona karatasi hii. Nilijua kwamba kile chombo chako cha kuhamisha kitasoma faili mbichi, hakitajali nyota, na kitawaleta wote juu, walioshindwa na walioshinda. Nikageuza anjera.

"Hapana," nikasema. "Kila kitu kiko wazi."

Unataka kujua nilitaka nini. Nilitaka ujikwae kidogo. Nilidhani jina moja au mawili ya ajabu yangetokea, mwenyekiti akune kichwa, nawe urudi kwangu jioni useme, Hooyo, nisaidie. Ni hilo tu nililolitaka, kuulizwa mara ya pili. Ngamia sikuwawaza kabisa. Mtu mwenye wivu hawazi mbali.

Siku ya mnada Akko Darmi alileta ngamia wanne. Kijana wa getini akapiga picha ya shingo, na mfumo wako, ukikutana na watu wawili kwenye chapa moja, ukatoa aliyeandikishwa kwanza. Ukatoa Wario. Akko Darmi akasema ngamia ni wake, yule kijana akamwonyesha simu. Unajua yaliyofuata, ulikuwepo. Wario alikuja na lori siku hiyo hiyo, akawapakia kwenda Merti akiwa na barua ya ofisi, na uso wa mtu aliyelipwa haki yake ya miaka. Wazee walichukua wiki tano kuwarudisha. Walirudi watatu. Yule wa maziwa alivunjika mguu ndani ya lori, akachinjwa njiani.

Tulienda wote wawili kumwomba radhi. Nyumba ile sijawahi kuingia nikakosa maziwa, hata mwaka ule wa ukame mkubwa. Siku ile alitupa chai ya rangi. Hakusema neno baya. Wewe ulishika kikombe kwa mikono miwili na machozi yakaingia humo humo ndani ya chai, nami nilikuwa nimekaa karibu nawe, bega kwa bega, nimekunywa yangu nikamaliza.

Njiani ukaniuliza, "Hooyo, nilikosea wapi? Niliangalia kila kitu."

Nikakuambia kazi ya kompyuta haitaki haraka. Hayo ni maneno ya kweli. Ukiyatafuta hata kwenye kile kitabu changu kisicho na jalada utayakuta. Nilichukua maneno ya kweli nikayafanyia kazi ya uongo, na nakuonya, watu wazima tuna ujuzi mkubwa katika hilo.

Ofisi ikaacha mfumo wako, ikarudi kwenye skrini yangu ya bluu. Mwenyekiti mwenyewe alikuja kuniomba. "Mama Kompyuta," akasema, "tuliharakisha." Na mimi, usiku ule, nililala vizuri. Ilinibidi nikuambie na hilo. Wewe chumba cha pili ulikuwa unageuka kitandani, mimi nililala.

Ningeweza kuendelea hivyo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikuwa na maumivu hata ya kutaka pole. Kilichoniamsha ni pale nilipokusikia ukimwambia baba yako, "Mimi na kompyuta basi. Kuna watu wanaweza na kuna watu hawawezi." Uliyasema bila hasira, kama mtu anayetaja urefu wake. Hata hapo nilinyamaza. Baba yako akaweka sahihi kwenye fomu, nikamletea kalamu mimi.

Wiki iliyopita ulinipa vitu vyako vya kuchoma, makaratasi ya shule. Ndani yake kulikuwa na lile daftari la bluu. Nilikaa kwenye kibao cha jikoni nikalifungua. Ulikuwa umeandika chapa zote, moja moja, kwa mkono, na kila moja ina alama ya kuhakikisha. Hakuna haraka yoyote mle ndani. Na kwenye fimbo na mwezi, shingo ya kulia, uliandika: "Wawili? Wario na Darmi. Uliza Hooyo." Chini yake, kwa wino mwingine: "Nimeuliza. Hooyo anasema kila kitu kiko wazi." Ukaweka tiki.

Uliona, Ifrah. Wewe uliliona kosa kabla halijatokea. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kuigundua nyota, na wewe uliinusa ndani ya faili mbichi bila kuambiwa. Kisha ukaja kwangu, nikakuambia hakuna kitu, na ukaamini mdomo wangu kuliko macho yako.

Sikulichoma. Liko chini ya nguo zako kwenye begi. Ile mara ya tatu begi lilipofunguliwa, ni mimi niliyelifungua.

Jana niliposema naenda sokoni nilienda kwa Akko Darmi. Nilimkuta anashona mkeka. Nikamweleza yote, nyota, jikoni, anjera. Hakuacha kushona.

"Ifrah anajua?" akauliza.

"Bado, Akko."

"Kwa nini umeanza na mimi?"

Nikasema kwa sababu ngamia alikuwa wake.

"Hapana," akasema. "Umeanza na mimi kwa sababu mimi ni rahisi. Mimi nimezoea kupoteza. Enda kwa mtoto yako kwanza, halafu urudi hapa, ndio nitajua kama nakusamehe ama sikusamehi."

Nimefanya alivyosema. Mficha uchi hazai, nami nimezaa mmoja tu, sitaki kumpoteza kwa aibu ya kusema. Ijumaa, baada ya swala, nitasimama mbele ya wazee na mwenyekiti pale pale ulipolaumiwa, niseme haya haya. Nadhani wataniondoa ofisini, na wana haki. Maandishi ya programu nimeyatoa kabatini, na kwa siku nne sasa nimekuwa nikiandika pembeni maana ya kila kifupi na jina la kila mwenye nyota, na sababu yake kama ninaikumbuka. Nyingi ninazikumbuka. Nikimaliza nitamwachia mwenyekiti nakala, na nyingine ni yako ukiitaka. Usipoitaka, itakaa hapa.

Kuhusu fomu, sitaichana wala kuificha. Ukitaka biashara, soma biashara, watu wengi wazuri wanauza vitu. Lakini usiingie huko kwa sababu huwezi hili. Unaweza. Unaweza kuliko mimi, na ndiyo sababu ya barua yote hii. Na ukikutana tena na kitu ambacho jicho lako limekikataa, na mtu mwenye mvi akakuambia kiko wazi, mheshimu, msalimie, mletee maji, halafu rudi ukaangalie mwenyewe. Hata kama mtu huyo ni mimi. Mimi hasa.

Nilifikiri kuiweka barua hii ndani ya begi uisome ukishavuka Meru. Nikaona huo ni uoga mwingine, kukutupia moto nawe huna wa kumpigia kelele isipokuwa abiria wa watu. Kwa hiyo nitakupa mkononi jioni hii ukirudi, kabla ya chakula. Baba yako hajui chochote, nitamwambia akiwa anasikia redio, halafu nitaizima. Ukitaka kupaza sauti, paza, majirani watazoea. Ukitaka kunyamaza mpaka Desemba, sitakupigia simu ya kukubembeleza. Sikuombi unisamehe kabla ya safari, maana msamaha wa mlangoni ni wa haraka, na nimekwisha kukusingizia haraka mara moja.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni gumu kuliko yote. Ningependa kukuambia kwamba wivu umeisha. Haujaisha. Nilipokuwa nasoma daftari lako nililia, na katikati ya kulia bado kulikuwa na kisauti kinachosema, mimi hakuna aliyenipa laptopu. Nadhani nitazeeka nacho. Ukiendelea na kompyuta utaandika mambo ambayo sitayaelewa, na watu watapiga makofi, nami nitayasikia makofi hayo hapa Isiolo nikiwa nachambua mchele.

Nionyeshe hata hivyo. Nitaona wivu, na nitakwambia kwamba naona wivu, na hakuna kitu nitakachokuficha tena.

Ni mimi,
Hooyo